Mbwa aliyekuwa mtiifu sasa hasikii: kumrudisha darasa la kwanza kunasaidia kweli?

#1 Mwenye Radi

Wakuu, habari za jioni.

Ninafuga mbwa dume anayeitwa Radi, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, ambaye sasa ana miezi 14. Alipokuwa na miezi mitano alikuwa fahari ya mtaa wetu hapa Buhongwa, Mwanza: nikisema "kaa" anakaa, nikisema "njoo" anakuja mbio hata kama alikuwa ameng'ang'ania mfupa, na watoto wa majirani walikuwa wakichungulia getini kila jioni ili wamwone. Leo hii ukimwambia "kaa" anakutazama kana kwamba umemsemesha Kichina, ukimwita anaelekea upande wa pili, na mgeni akiingia anarukiwa kifuani kwa miguu yenye tope. Wiki iliyopita alimkokota mke wangu kwa kamba kutoka getini hadi kwenye meza ya mama anayeuza samaki wa kukaanga, na sato wawili walioanguka mchangani tulilazimika kuwalipia.

Rafiki yangu ananishauri nimrudishe darasa la kwanza, yaani nianze upya kama vile hajui lolote. Kabla sijaanza ningependa kujua: je, mbwa anaweza kusahau alichokijua vizuri hivyo, au kuna kitu kingine kilichoharibika ambacho mafunzo mapya hayatakigusa?

#2 Jabali la Isamilo

Hajasahau chochote, mkuu, amebalehe. Mbwa huingia ujana akiwa na miezi kama sita na huweza kuendelea nao hadi mwaka mmoja na nusu, na katika kipindi hicho pua yake humwambia mambo mengi kuliko mdomo wako. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yanayofanana sana na kisa chako: mbwa wa miezi minane walikuwa wazito kuitikia amri ya kukaa kutoka kwa mlezi wao kuliko walivyokuwa wakiwa na miezi mitano, ilhali mtu wasiyemzoea akiwaamuru hawakuwa na uzito huo. Mwombe jirani amwambie Radi akae. Akikaa, basi una kijana ndani ya nyumba.

#3 Mstaafu wa Zamu

Vijana mnazunguka mbuyu. Nimefuga mbwa wa ulinzi tangu nikiishi Igogo miaka ya 1980, na ninachokiona hapo ni suala la cheo. Mbwa ametokana na mbwa mwitu, wale Wazungu wanaowaita "wolf", na kundi la mbwa mwitu lina mkubwa mmoja tu. Radi amepima akaona kiti cha ukubwa kiko wazi, akakikalia. Kula wewe kwanza ndipo umpe yeye, pita mlangoni wewe kwanza, usimruhusu alale kwenye kochi, na ndani ya wiki mbili utamwona amerudi kwenye nafasi yake.

#4 Karani wa Maktaba

Shikamoo mzee. Naomba nirekebishe jambo moja kwa heshima zote. Habari ya mkubwa wa kundi ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel uliochapishwa mwaka 1947, na mbwa mwitu aliowachunguza walikuwa wamefungiwa pamoja, ambapo ugomvi ni jambo la kutarajiwa. David Mech, mtafiti Mmarekani aliyeisambaza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970, ndiye aliyeandika mwaka 1999 kwamba porini kundi la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti. Hakuna anayepindua serikali humo. Watoto hukua, wakaondoka kwenda kuanzisha familia zao.

#5 Mstaafu wa Zamu

Marahaba. Nimekusoma na sibishani na vitabu. Hata hivyo mbwa wangu wanne wote walisubiri mlangoni hadi niwaruhusu, na hakuna aliyewahi kumkokota mke wangu.

#6 Karani wa Maktaba

Hilo halipingiki, mzee. Kusubiri mlangoni ni somo zuri sana la utulivu, na mlango unaofunguka ndio ujira wake. Mimi ninatilia shaka maelezo ya cheo tu. Somo lenyewe ni jema.

#7 Mama wa Kitangiri

Nimesoma tangu mwanzo na ninashangaa kwamba hakuna aliyeuliza kuhusu neno lenyewe. Hebu mwenye uzi ajiulize ni mara ngapi neno "kaa" linatamkwa nyumbani kwake kwa siku. Mgeni anaambiwa "karibu, kaa". Mtoto anaambiwa "kaa vizuri ule", "kaa kimya", "kaa mbali na jiko". Dada anaulizwa kama makaa yamekwisha. Mbwa anasikia sauti hiyo tangu alfajiri hadi usiku, na katika mara zote hizo hakuna anayemtazama wala kumpa kitu. Polepole "kaa" linageuka kuwa kelele ya nyumba, kama honi za daladala barabarani.

Kuna ubaya mwingine ambao ni wa Kiswahili chetu wenyewe. "Kaa" ni kuteremsha makalio chini, na "kaa" hiyo hiyo ni kubaki mahali ulipo. Ukimwambia mbwa aliyekwisha kuketi kwamba "kaa, kaa, kaa" huku ukirudi nyuma, unamtaka abaki; lakini yeye alifundishwa kwamba neno hilo ni tendo la kuketi, na ameshalitenda. Atafanya nini zaidi? Atainuka aje kukuuliza.

Nyumbani kwetu tulibadilisha tukaweka "keti" kwa kuketi na "tulia" kwa kubaki. "Keti" tunalisikia kanisani tu.

#8 Jabali la Isamilo

Kumbe ndiyo maana matajiri wa Capri Point wanawasemesha mbwa wao Kiingereza! Nilidhani ni maringo.

#9 Mama wa Kitangiri

Maringo pia yapo. Ila faida wanayoipata haitokani na Kiingereza. Inatokana na kuwa na neno lisilotumika kwa kazi nyingine. Ukitaka tumia Kisukuma au Kikerewe, mradi nyumba nzima itumie neno hilo moja.

#10 Tabibu wa Mifugo

Habari zenu. Ninafanya kazi ya tiba ya mifugo upande wa Nyakato, na ninaomba tusiruke hatua. Mbwa anayebadilika tabia apimwe kabla ya kulaumiwa. Nimeletewa mbwa "wabishi" ambao masikio yao yalikuwa yamejaa uchafu mweusi na harufu mbaya, na kila walipoitwa kwa kuguswa shingoni walikuwa wanaumia. Nimeletewa pia "wavivu" waliokuwa na homa ya kupe: mbwa ananyong'onyea, anakataa chakula, fizi zinapauka, na wengine hutokwa damu puani. Mbwa wa namna hiyo ukimrudisha darasa la kwanza utakuwa unamfundisha mgonjwa.

Mwenye uzi, mwangalie Radi ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkanda wa shingoni. Ukikuta kupe, tafadhali usimpake dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia kipimo kwa kizibo, jambo ambalo huku kwetu Usukumani linafanyika mno. Dawa hizo huua mbwa. Na kwa kuwa anarukia watu, hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati.

#11 Mpiga Kasia

Mimi ni mtu wa Igombe na kazi yangu ni ya ziwani, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kazi. Mkuu, uliacha kumlipa lini?

Nauliza hivyo kwa sababu yalinikuta. Mbwa wangu alipokuwa mdogo nilitembea na dagaa mfukoni, na kila alipokuja nilimpa mmoja. Alipojua, nikaona ameshahitimu, nikaacha. Miezi michache baadaye nikawa ninamwita kwa ajili ya mambo matatu tu: kufungwa mnyororo, kuogeshwa, na kugombezwa kwa kufukua vikapu. Mvuvi gani atapanda mtumbwi ambao kila akipanda analowa na halipwi?

Nilianza upya hivi. Nilichukua kipande cha kamba ya nyavu, urefu wa kama mita nane, nikakifunga kwenye mkanda wake na kukiacha kiburute chini. Dagaa nilichagua wale waliokaushwa kwenye chanja, kwa sababu waliokaushwa chini wana mchanga unaosaga meno, na wale wa chumvi sikuwataka kabisa. Siku ya kwanza sikumwita hata mara moja. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikasubiri ageuze shingo kunitazama kwa hiari yake. Alipogeuza tu nikasema "ndiyo" na kurusha dagaa kati ya miguu yangu. Mara ya nne alikuja kabla sijarusha. Siku ya tatu ndipo nilipolirudisha jina lake, na siku ya tano neno jipya "huku", kwa sababu "njoo" nilikuwa nimeshaliharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Kila alipofika nilimshika mkanda, nikampa dagaa, kisha nikamwachia aende zake. Hilo la kumwachia ndilo lililomshangaza kuliko dagaa.

Tulifanya kwa dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, basi. Ukizidisha anachoka, na wewe unaanza kupandisha sauti.

#12 Jabali la Isamilo

Dagaa sawa, ila usije ukasikia mwenzako anamlipa mbwa kwa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara. Huyo tutamwomba atuajiri sisi.

#13 Mpiga Kasia

Mabondo yanapimwa kwenye mizani kama dhahabu, mkuu. Hata mimi sijawahi kuyaonja. Mapanki nayo, yaani mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu, yasitumike kwa somo, maana miiba yake ni mikubwa, na mbwa akishapata kichwa cha sangara hana muda na mwalimu tena.

#14 Mwanafunzi wa Moro

Nimesoma Morogoro na ninaunga mkono #11. Huyo "ndiyo" wake ndio ufundi wenyewe, na msingi wake ni Pavlov, yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba mbwa hutokwa na mate akisikia kengele.

Pale pale Chuo Kikuu cha Sokoine lipo shirika la APOPO, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anasikia mlio mdogo wa kibofyo katika nukta ile ile aliyofanya sahihi, halafu anapewa chakula. Mmoja wao aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya anafika huko kwa ndizi na mlio, Radi hana udhuru. Kibofyo si lazima ununue. Kifuniko cha chupa ya jemu kinachobonyea kinatosha.

#15 Karani wa Maktaba

Sahihisho dogo: Pavlov alipewa Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Habari ya mate na ishara ilimpa umaarufu baadaye. Tena, kilichomfundisha mbwa wa #11 kuja si Pavlov peke yake. Kuja ni tendo la hiari linaloimarishwa na matokeo yake, na huko tunaingia kwa wanasaikolojia Thorndike na Skinner.

Nimerudi pia kwenye utafiti alioutaja #2. Kweli uzito ulionekana kwenye miezi minane, lakini mbwa hao walipofika miezi 12 walikuwa wamerejea kuwaitikia walezi wao. Radi ana miezi 14. Ujana unaweza kuwa umeanzisha tatizo. Sidhani kama ndio unaoliendeleza.

#16 Jabali la Isamilo

Nimekubali kusahihishwa, ila chotara mwenye damu ya mbwa mkubwa anaweza kuchelewa kukomaa. Sijafunga kesi.

#17 Jirani Mwema

Assalamu alaikum. Mimi sifugi mbwa, ila ninaishi ukuta kwa ukuta na anayefuga, hapa Mabatini. Naomba somo la kutorukia watu lisiachwe liwe la mwisho. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa yakigusa nguo ni najisi, na kuitwaharisha ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu ametoka nyumbani kuelekea msikitini, anarukiwa getini, na mwenye mbwa anacheka na kusema kwamba "hana neno, anakupenda tu".

#18 Mama wa Kitangiri

Waalaikumu salaam. Umesema kweli, na tunaofuga tunapaswa kuliona hilo. Mbwa anarukia kwa sababu kila anaporuka anapata alichokitaka: mikono inamgusa, macho yanamtazama, hata kelele za kumkemea anazihesabu kuwa mazungumzo. Mfunge kamba kabla geti halijafunguliwa, na asisalimiwe na yeyote hadi miguu yote minne iwe chini. Nawatahadharisha kwamba siku za mwanzo ataruka zaidi ya kawaida, kwa sababu anadhani hajabisha hodi kwa nguvu ya kutosha. Watu wengi hukata tamaa hapo hapo na kumgusa, na kuanzia siku hiyo mbwa anakuwa amejifunza kuruka kwa bidii.

#19 Mwenye Radi

Ahsanteni sana. Nimefanya utafiti wangu mdogo.

Jana jioni, kuanzia saa 12 hadi saa 3 usiku, nilikaa na karatasi nikaandika kila mara neno "kaa" lilipotamkwa nyumbani. Limetamkwa mara 31. Mbwa alikuwa anaambiwa katika mara nne tu, na kati ya hizo nne, mbili zilisemwa na mwanangu huku anakimbia. Nimegundua pia kwamba mke wangu humwambia "lala" akimaanisha aketi, na kijana wetu wa kazi humwambia "tulia" akimaanisha aache kubweka.

Jirani amemwambia "kaa" kama #2 alivyoshauri. Hakukaa. Alimlamba.

Sikio la kushoto lina uchafu mweusi. Nampeleka kesho.

#20 Tabibu wa Mifugo

Usimsafishe kwa kijiti kabla ya kumpeleka.

#21 Mfuga wa Mkolani

Naongeza sababu nyingine, kwani naona mmeiruka. Mwenye uzi anasema alimfundisha Radi wapi? Nina hakika ni uani. Mbwa hajui kwamba amri ya uani ni ile ile ya barabarani. Kwake, "kaa" ni kukaa juu ya sakafu ya saruji, baba akiwa amesimama kwenye ngazi, jua likiwa linazama. Mbwa wangu alikuwa hodari nyumbani, lakini nilipompeleka kwenye majabali ya nyuma ya nyumba, penye pimbi na wale mijusi wenye vichwa vya waridi na miili ya buluu, alikuwa kama hajawahi kuniona. Ilibidi nimfundishe upya kila mahali: mlangoni, getini, nje ya geti hatua kumi, njia panda, kituo cha daladala. Kila mahali papya alianza kama mjinga, ila kila mara ujinga ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia.

Kwa hiyo kwangu mimi Radi hajasahau. Alipokuwa na miezi mitano hakuwa akitoka nje, basi. Dunia yake imepanuka na masomo yamebaki uani.

#22 Mstaafu wa Zamu

Hapo nimeungana nawe, kijana. Hata sisi wale mbwa tuliwazungusha kila kona ya lindo. Nami nauliza: huyu Radi mchana anashinda amefungwa? Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo saa kumi, akifunguliwa jioni, hata akiamriwa na malaika hatasikia.

#23 Mwenye Radi

Mzee shikamoo. Ndiyo, anashinda amefungwa tangu alipoanza kurukia wageni.

#24 Mstaafu wa Zamu

Marahaba. Basi mnyororo umezaa kuruka, na kuruka kumezaa mnyororo.

#25 Mpiga Kasia

Mtembeze asubuhi kabla ya somo, hata nusu saa, na umwache anuse anavyotaka. Ukimleta ufukweni, kaeni sehemu kavu. Maji ya pembeni yenye majani yana kichocho, na kwingine kuna mamba.

#26 Mwenye Radi

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu.

Sikio lilikuwa na maambukizi na limetibiwa. Tumekubaliana nyumba nzima kutumia "keti", "tulia" na "huku", na nimeyaandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni. Anatembezwa alfajiri, na mnyororo tunautumia wageni wanapokuja tu. Dagaa ninao mfukoni hata ofisini, na wenzangu wameanza kusogeza viti. Uani anaketi kila mara. Getini anaketi mara tatu kati ya tano. Kwenye meza ya mama wa samaki bado hapana.

#27 Karani wa Maktaba

Hongera, ila umebadilisha mambo matano kwa pamoja, kwa hiyo hatutajua ni lipi lililoponya.

#28 Tabibu wa Mifugo

Sikio.

#29 Mama wa Kitangiri

Neno.

#30 Jabali la Isamilo

Amekua wiki tatu zaidi. Nimesema sijafunga kesi.

#31 Mwenye Radi

Niongeze moja kwa ajili ya Mama wa Kitangiri. Jumapili mama yangu alikuja kutoka Magu. Mwanangu wa miaka sita alimwamkia, akamvutia kiti barazani na kumwambia, "Bibi, keti." Radi aliyekuwa amelala karibu na ndoo aliinuka, akaenda kuketi mbele ya bibi, akaukazia macho mkono wake. Mama alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Huyu naye anadai nini?"